Chambo Kilichokataa Kuzama

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya seremala, na ubishi uliopata kumalizwa hapo haujasikika bado. Asubuhi ile alikuwepo Randa, seremala, vumbi la mbao hadi kwenye kope. Wembe, kinyozi, mwenye methali nyingi kuliko wateja. Shangazi, muuza kahawa, na birika lake. Na Mzee Muhuri, mstaafu wa ofisi ya leseni. Muhuri ndiye aliyekuja na habari: alfajiri, pale mawimbi yanapovunjikia, samaki kolekole, mkubwa kama mto wa kulalia, alichupa kutoka majini akakidaka kipande cha mti kilichokuwa kinaelea.

Kipande hicho alikichonga Randa. Maradhi yalikuwa yamempoozesha Muhuri mkono wa kulia. Hospitali ilimpa mpira wa kuminya, akauweka pembeni kama alivyozoea kuweka pembeni maombi ya watu. Kuvua alikupenda, ila kumtunga dagaa kwenye ndoana kunataka mikono miwili. Ndipo Randa akamchongea dagaa wa mti, asiyehitaji kutungwa. Alikusudia chambo hicho kizame. Kikaelea. Randa akasema hiyo ndiyo ilikuwa nia yake tangu mwanzo. Tangu hapo Muhuri husimama kwenye maji ya magoti, akarusha kwa kushoto na kutikisa ncha ya fimbo ya kuvulia ili chambo kiyumbe juu ya maji, huku na huku, kama samaki aliyelewa. Mkono wa kulia aliufunga kwa kitambaa kwenye kishikio cha gurudumu la mshipi, uzunguke utake usitake.

Leo alikuja kusema asante. Neno dogo, lakini kazini miaka yote yeye ndiye aliyeambiwa, na jibu lake lilikuwa “anayefuata.” Hakuwa na mazoezi.

— Randa, alianza, nilitaka...

— Ni hasira tu iliyomrusha, akadakia Wembe. Samaki yuko kwake ametulia, mtu anampitia juu ya dari bila hodi. Wewe ungevumilia? Haraka haraka haina baraka.

Hakuna aliyeuliza ni nani hapo aliyekuwa na haraka. Randa yeye alishikilia kwamba siri iko kwenye mti. Ulikuwa mguu wa kitanda cha maharusi walioachana kabla vanishi haijakauka. Ugomvi ulibaki humo ndani, na samaki kausikia. Shangazi akasema kama mbao zinahifadhi ugomvi, basi benchi hili papa wangeshalifuata hapa hapa barabarani.

Wembe akapanda ngazi nyingine. Chini ya bahari kuna serikali, alisema, na kolekole ni mkaguzi: hupita kuangalia nani anaelea bila kibali. Macho yote yakamgeukia Muhuri, mtaalamu wa mambo hayo.

— Mkaguzi gani anaingia kazini alfajiri? Muhuri akauliza.

Hoja ikafia hapo. Muhuri akakohoa.

— Sasa Randa, nilikuwa nasema...

— Samaki mkunje angali mbichi, Wembe akamkata tena.

Mlango wa kinyozi ukafunguka. Akatoka kijana mmoja mgeni, kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, anamtafuta kinyozi wake. Alikuwa ameyasikia yote.

— Shikamooni wazee wangu. Samahanini. Huyo samaki yuko wapi?

Wembe aliinama akachungulia chini ya benchi.

— Alirudi baharini, Muhuri akasema.

— Ulimwachia? Shangazi akauliza.

— Sikumwachia. Nilimlaza mchangani, nikafungua kitambaa, nikashika koleo nimtoe ndoana. Ndoana ikatoka. Ndipo nikaona koleo limo kwenye mkono huu.

Akauinua wa kulia.

— Nikabaki nautazama. Wimbi likaja, likamchukua. Nami bado nautazama.

Wembe akafumbua mdomo, Muhuri akamwahi.

— Asante, Randa.

Ilitoka kavu, kama tangazo la ofisi, lakini ilitoka. Randa alijifuta vumbi la mbao kwenye kope, akalitazama shati la Muhuri.

— Na vifungo vya shati je?

— Mama watoto ndiye ananifungia.

— Hebu tuone.

Muhuri akakifungua kifungo cha juu kwa kushoto, kisha ule wa kulia ukapanda taratibu, ukaanza kulitafuta tundu. Kidole gumba kikateleza. Kikarudi. Shangazi alibaki na birika hewani. Wembe aliikalia mikono yake mwenyewe, isije ikasaidia. Hata yule kijana wa nusu kichwa alisogea karibu, akachuchumaa. Kahawa ikapoa vikombeni.