Ufa wa Ukuta wa Nyuma: Maisha ya Naisenya Parsaoti Ouko, 1962–2008

Ndugu zetu wa Mashuuru na wa Ugenya, majirani wa Kitengela, na nyote mlioacha shughuli zenu leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2008, familia inaomba msikilize maisha ya Naisenya kama yalivyokuwa, bila kupunguza, kwa sababu ndivyo alivyoagiza mwenyewe alipokuwa bado na sauti.

Naisenya alizaliwa Mashuuru wakati wa mvua ndefu ya mwaka 1962, na kwenye kitambulisho wakamwandikia tarehe 1 Aprili, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Parsaoti na mkewe, ambao wote wawili wametangulia. Katika boma lile, kama katika maboma yote ya Wamaasai, nyumba hujengwa na mwanamke, naye mwanamume hulala katika nyumba ya mkewe, kwa hiyo tangu utotoni Naisenya alimfuata mama yake porini kukata fito za leleshwa zikiwa mbichi, akajifunza kuzipinda, kuzifunga kwa kamba za magome, na kuzikandika kwa samadi iliyochanganywa na majivu. Kiangazi cha mwaka 1974, ng'ombe wa babake walipokwisha, mama yake alimsimamisha mbele ya mzoga uliokauka, mbavu zimesimama na ngozi ingali juu yake, akamwambia, “Angalia vizuri, hii ni enkaji, nyumba yetu, mbavu zimeshikana na ngozi imefunika,” na tangu siku hiyo msichana akawa anaona nyumba kila mahali, katika kiota cha kwera kinachoning'inia mgungani, katika kichuguu, katika gamba la kobe.

Jambo lingine alilofundishwa, nalo ndilo tunaloomba mlishike, ni kwamba msimu wa mvua mama mwenye bidii huamka na kuzunguka nyumba yake na samadi mkononi, akikandika kila mpasuko kabla mgeni hajauona, maana katika boma mpasuko haukuwa hatari, ulikuwa kazi ya asubuhi, na aliyeuacha wazi aliitwa mvivu.

Alianza darasa la kwanza Mashuuru mwaka 1971, akiwa mkubwa kuliko wenzake, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977, na kwa kuwa hapakuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari, alirudi nyumbani, akajenga pamoja na mama yake hadi mwaka 1983. Mwaka huo alihamia mjini Kajiado kuwauzia mafundi chai kwenye mijengo, na haikupita miezi mingi kabla ya fundi Maundu, ambaye yuko nasi hapa, kumpa mwiko kwa mzaha, akimwambia, “Shika basi, mama chai, tuone kama jiwe litakutii,” naye akapanga mstari wa mawe ulionyooka kuliko ule wa Maundu, hivyo kufikia mwaka 1985 alikuwa anatajwa miongoni mwa mafundi wa Kajiado.

Ni katika mmojawapo wa mijengo hiyo ndipo alipokutana na Ouko, kijana wa Ugenya aliyekuwa mchoraji wa ramani za nyumba na mkaguzi wa kuta katika kampuni ya ujenzi, wakafunga ndoa kanisani Kajiado tarehe 12 Desemba 1987, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lennox aliyezaliwa mwaka 1988, Immaculate aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1991, na Cindy aliyezaliwa mwaka 1994.

Mwaka 1993 walipata ploti hii tuliyoketia, wakati huo Kitengela ikiwa bado nyasi, pundamilia na udongo mweusi, na mwaka 1995 wakaanza kujenga, Ouko akichora, Naisenya na Maundu wakipanga mawe. Kona ya nyuma, karibu na mtaro wa maji, udongo mweusi ulikwenda chini kuliko mchoro ulivyosema, na kwa kuwa ilikuwa Februari na ardhi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama sakafu, wote watatu walisimama kwenye shimo, wakaangaliana, wakakubaliana kwamba kina hicho kinatosha, bila kuufikia mwamba.

Waliingia nyumbani Agosti 1996. Shemeji yake Achola, ndugu ya Ouko, alipofika kutoka Ugenya kuona, alizunguka nyumba nzima, mikono nyuma, kisha akauliza, “Ouko, hii nyumba ni ya nani? Kwetu mume ndiye anamjengea bibi, sasa wewe umejengewa, si utaolewa pia?” Naisenya, akimwaga chai, akamjibu, “Nyumba ni yangu, shemeji, yeye namkaribisha, na wewe ukiendelea hivyo utalala kwa mabati ya kuku.” Watu walicheka, Achola akacheka kuliko wote, lakini tangu siku hiyo Naisenya alijua kwamba ukoo wa mumewe utampima kwa kuta zile.

Mvua kubwa ilianza Oktoba 1997, ile ambayo kila mtu hapa anaikumbuka, na udongo mweusi ukanywa, ukavimba, ukaanza kusukuma. Ouko wakati huo alikuwa amepelekwa kwenye mjengo wa Ewuaso Kedong, akirudi Jumamosi tu, na mojawapo ya asubuhi hizo Naisenya aliona ufa kwenye kona ya nyuma, mwembamba kama uzi, akafanya alivyolelewa, akachanganya saruji na majivu, akauziba, akapaka chokaa. Kesho yake ulifunguka, akauziba tena. Achola alikuwa ametuma salamu kwamba angekuja Krismasi pamoja na mama mkwe, na Naisenya hakutaka wakute nyumba ya mwanamke Mmaasai imepasuka, kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya uji wa watoto, alikuwa ukutani na mwiko. Jumamosi ya tarehe 15 Novemba Ouko aliingia amelowa, akasimama mbele ya ukuta ule, yeye ambaye kazini alilipwa kusoma nyufa, akasema, “Unapendeza. Umepaka tena?” naye akajibu, “Nimepaka.”

Jumanne tarehe 18 Novemba 1997, saa kumi jioni, Naisenya akiwa nje anazibua mtaro, Lennox na Cindy wakiwa kwa jirani, ukuta wa nyuma uliangukia ndani. Immaculate alikuwa amelala kwenye kochi kwa sababu matope yalimzuia kwenda shule. Maundu na majirani walitoa mawe kwa mikono, lakini mtoto alikuwa ameshaondoka, akiwa na umri wa miaka sita. Barabara za kwenda Ugenya zilikuwa zimekatwa na mafuriko, akazikwa hapa, mahali mnapoona maua yale, kinyume cha desturi ya babake.

Jioni ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, Ouko aliokota kipande cha plasta kwenye kifusi, akakigeuza, akaona tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu, akauliza, “Hii ni nini?” Naisenya hakutafuta pa kujificha. “Ni mimi. Ilikuwa inafunguka, nikawa naifunga.” Akauliza, “Kila siku?” Akajibu, “Kila siku.” Ouko alikiweka kile kipande chini taratibu, akatoka, na kwa zaidi ya mwaka mzima waliishi kwenye vyumba vya kupanga karibu na soko wakiongea juu ya watoto tu, chakula cha watoto, viatu vya watoto, kikohozi cha watoto, na hakuna aliyemfukuza mwenzake wala aliyemwomba mwenzake msamaha.

Aliyevunja kimya ni Ouko, mwezi Machi 1999, siku aliyorudi kutoka kazini na vipande vya kioo vilivyofungwa kwa gazeti, akaviweka mezani, akamwonyesha jinsi wanavyofanya, kwamba unabandika kioo chembamba kukatiza ufa, unakishikilia kwa plasta pande zote mbili, kisha unangoja, ukuta ukitembea kioo kinapasuka, ukitulia kinabaki kizima. Naisenya alikigusa kile kioo, akauliza, “Hii kitu ulikuwa nayo siku zote?” Ouko akasema, “Nilikuwa nayo. Sikuona mahali pa kuiweka.” Ndiyo maneno ya kwanza waliyosema juu ya ukuta tangu yale ya mazishi, na waliolala chumba cha pili wanasema usiku huo ndipo walipowasikia wakilia pamoja.

Kutoka hapo, pamoja na vibarua vyake vya ufundi, alianza kutembea Kitengela nzima na mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa vioo, akibisha hodi kwa watu asiowajua na kuomba aonyeshwe nyufa zao. Mji ulikuwa unapanda haraka, kila mtu anajenga, kila mtu anapiga plasta, na wengi walimfungia mlango, wakamwita Mama Ufa, na vijana wa stendi walimpigia kelele, “Mama Ufa, kuja uangalie meno yangu, iko na nafasi,” naye akimwambia mwenye kusema, “Hiyo ni ya kuzaliwa, we ogopa ikiongezeka.” Lakini akifika nyumbani alikaa na viatu miguuni kwa muda mrefu kabla ya kuvivua.

Mwaka 2003, mwezi Februari, alipita kwenye chekechea ya Mwalimu Nalianya akaona kona iliyopakwa rangi mpya peke yake, akaingia, na mbele ya watoto akaanza kuikwangua plasta kwa mwiko, mpaka ufa ukatokea wote, kutoka dirishani hadi chini. Mwalimu alimwambia, “Mama, hiyo ni rangi ya wazazi unaharibu,” naye akajibu bila kugeuka, “Niko na mtoto ningependa ningemharibia rangi mapema.” Alipelekwa kituo cha polisi, Ouko akaenda kumtoa jioni, na Mwalimu akalazimika kuhamishia watoto kanisani muhula mzima, wengi wakaondoka wasirudi. Ukuta ule haukuanguka. Umesimama hadi leo. Watu walimcheka sana, na alipoulizwa alisema, “Ikisimama ni vizuri. Nani aliomba ianguke?” Mwalimu Nalianya hakumsalimia kwa miaka mingi, na tunamshukuru kwamba leo amekuja.

Shida ya kumeza ilianza Septemba 2006, akadhani ni vumbi la mawe, na tarehe 20 Februari 2007, katika hospitali moja ya Nairobi, madaktari waliieleza familia kwamba ni saratani ya koo. Ouko alimuuliza anataka nini, akasema anataka kurudi kwenye ile nyumba iliyoachwa tupu, afie karibu na Immaculate, ila ukuta ukijengwa usipigwe plasta. Mwaka huohuo Ouko, Lennox na Maundu walichimba upya upande wote wa nyuma hadi kwenye mwamba, naye aliletewa kiti, akakikataa, akateremka shimoni akiwa amekonda hivyo, akapiga mtaimbo chini, akasikiliza mlio, ndipo akaruhusu jiwe la kwanza liwekwe. Waliingia Desemba 2007.

Mvua za Aprili mwaka huu zilileta ufa mwingine, si kwenye ukuta mpya bali pale ulipoungana na kona ya zamani ya ukuta wa pembeni ambayo hatukuichimba. Ouko alibandika kioo siku hiyohiyo, na tangu hapo kila asubuhi Naisenya, ambaye hakuweza tena kuinuka, aliuliza kitandani, “Kioo?” naye Ouko akijibu, “Kizima,” ndipo akakubali kijiko chake cha uji.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 4 Agosti kioo kilikuwa kimepasuka katikati. Lennox alimvuta babake kando, akamwambia kwa sauti ya chini, “Baba, mwambie tu ni kizima. Mvua haiko. Ukuta hauwezi kuanguka wiki hii, na yeye hana wiki nyingi. Muache alale kwake.” Ouko alisimama mlangoni na bakuli la uji mpaka likapoa. Hakuna anayeweza kumlaumu Lennox, na hakuna katika familia ambaye hangesema vilevile, kwani mama yule alikuwa ameomba kitu kimoja tu maishani mwake, kufa ndani ya nyumba ile. Kisha Ouko aliingia, akaketi pembeni ya kitanda, na Naisenya akauliza, “Kioo?”

“Kimepasuka,” akasema Ouko.

Naisenya alifumba macho, akasema, “Basi toa watoto. Na mimi nitoe.”

Walimbeba na godoro lake mpaka kwa jirani, Mama Melvin, na huko, katika chumba ambacho si chake, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2008, saa tano asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kanisa, mafundi wenzake waliochimba kaburi bila kuitwa, Mama Melvin aliyetoa kitanda chake, na ukoo wa Ugenya, wakiongozwa na Mzee Achola, ambao wangeweza kudai apelekwe kwao wakakubali alale na mtoto wake.

Mnaona viti vimewekwa mbali na nyumba, na kamba nyekundu imefungwa upande wa nyuma. Tunaomba mtu asiivuke, na wazazi mshike watoto. Ufa haujazibwa, mtauona kutoka mlipo.

Naisenya, binti Parsaoti, Mama Lennox, Mama Immaculate, Mama Cindy, leo hakuna ukuta wa kuamkia. Pumzika, na amani ikufunike.