Jeti ya Tatu Ilivyokwenda Makaburini

Assalam aleykum. Wakubwa zangu shikamooni. Leo zamu yangu ya kusimulia, na kabla sijaanza niwaambie kabisa: hadithi hii inanionyesha mie mjinga, na si mjinga kidogo. Nilijaribu kuipunguza njiani nikija, nikaona nikiipunguza inabaki salamu tu. Basi nitaisema yote. Majina siyataji, maana wengine mmekaa hapa hapa na mnaniangalia.

Mnanijua. Fundi bati wa hapa mtaani Nguvumali, nimemaliza darasa la saba nikaingia kwenye nyundo. Ndoo, majiko, mifereji ya mvua. Siku moja niko juu ya nyumba ya mtu karibu na uzio wa uwanja wa ndege, naziba bati linalovuja, ikashuka jeti. Si hizi za abiria. Ndogo, nyeupe, pua imechongoka kama samaki chuchunge, na injini zake haziko chini ya mabawa, ziko nyuma karibu na mkia, moja huku moja huku, kama vidumu vya maji kwenye baiskeli. Wakatoka mabosi wanne na mabegi yao, wakaingia kwenye magari. Mie sikushuka juu ya bati mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimehamia.

Kuna bwana mmoja anafanya kazi pale uwanjani, nikamfuata kwenye kahawa. Akaniambia, "Hizo zina ukoo, mdogo wangu. Kwanza wanaunda fupi. Wateja wakiipenda hawaanzi upya. Wanakata tumbo, wanaongeza kipande, pua ile ile, mkia ule ule. Huyo ndiye mdogo wake. Halafu anakuja mdogo wake mwingine, mrefu zaidi, anafika mbali zaidi."

Ndugu zangu, nawaambia, sikulala. Nikaunda ya kwanza kwa bati la paa, viti vinne. Pua sufuria, injini ndoo mbili nilizozitoboa. Hairuki, nani kasema inaruka? Ni ya kupigia picha. Sikukuu, harusi, unakaa dirishani unashika kidevu, umekuwa bosi. Watu walijipanga. Bibi harusi mmoja alikataa kushuka.

Ikaja ya pili, madirisha sita. Nikaanza kuvimba kichwa. Nikawa nawaita wateja "abiria". Shangazi yangu aliyenilea kule Mwera akinipigia simu namwambia, "Shangazi, sema haraka, niko kiwandani." Kiwanda chenyewe ni ua wa nyumba ninayokaa peke yangu, na kuku wa jirani.

Ya tatu nikaitaka ndefu kuliko zote, madirisha manane, na ndani kiti cha kulala, bosi ajinyooshe. Hapo bati likanishinda. Bati likizidi urefu linalegea tumbo. Nikitia mbao, zito. Nikitia nondo, zito zaidi. Nilitaka kitu kirefu, kimenyooka, chepesi, cha alumini, kina mikono ya kubebea. Na nilikuwa najua kilipo.

Nilijua, msinitetee. Msikiti wetu ulikuwa na majeneza mawili, jipya ndani na la zamani limetundikwa nyuma ukutani. Na sote tunajua jeneza halikai nyumbani kwa mtu. Likishusha maiti kaburini linarudi msikitini saa ile ile. Siku ya Idi, baada ya swala, watu wote wako kwenye pilau, nikalitungua. Nikajiambia naazima, keshokutwa narudisha. Nikalipitisha uchochoroni mpaka kwangu, nikalivisha bati, nikalitoboa na kupiga ribiti za kubana. Likakaa sawa kama limezaliwa humo. Kwenye kila dirisha nikachora kichwa cha bosi. Wanane, wanatazama mbele.

Idi Pili asubuhi tukainyanyua, mie na wenzangu watatu, tuipeleke uwanja wa sherehe. Mabawa na mkia vilishatangulia kwa mkokoteni. Na kwa vile sikutaka watoto waione bure, niliifunika shuka la kijani.

Mnacheka. Mie pia ningecheka.

Tulikuwa wanne na ilikuwa nyepesi kama kitanda cha kamba. Kufika kona, mzee mmoja anakunywa kahawa akaweka kikombe chini, akaja, akatia bega. Nikadhani anatusaidia. Akaja wa pili, muuza maji. Wa tatu. Si mnatujua sisi? Jeneza likipita huulizi ni nani. Unaacha ulichoshika, unatia bega, hatua chache, mwenzio anakupokea. Kuuliza kuko mbele ya safari. Na sote tunakwenda haraka, maana maiti hacheleweshwi.

Kila nikitaka kurudi kwenye mkono wangu, mtu keshaushika. Nikasukumwa nyuma, nyuma, mpaka nikawa wa mwisho katika watu wanaobeba jeti yangu. Hakuna anayeongea, ni "la ilaha illa llah" tu, chini chini, na miguu. Nikataka kusema, "Jamani, hii jeti." Mdomo huu mnaoujua, uliofukuzwa darasani mara ngapi sijui, ulikauka kama kopo. Nikaona jambo jingine. Wale waliobeba walikuwa sita sasa, wanaume wazima, na walikuwa wanahema. Wanapokezana kila hatua tatu.

Njia panda, kulia ni uwanja wa sherehe. Wakakata kushoto.

Kule makaburini kulikuwa na kaburi wazi. Jipya, udongo bado mbichi, wachimbaji wawili wamesimama na majembe. Nikajiambia hilo ni la mtu mwingine. Wakaitua jeti pembeni, polepole, kama mnavyojua inavyotuliwa. Mchimbaji mmoja akauliza, "Mfiwa nani?"

Watu wakatazamana. Wenzangu watatu walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikanyoosha mkono.

"Marehemu anaitwa nani?"

Nikataja jina langu.

Sijui kwa nini. Nilitaka kusema mie fulani, hii ni jeti yangu, samahanini. Nikaanza na jina, na baada ya jina hakikutoka kitu. Mchimbaji akaitikia kwa kichwa tu. Ndipo mtu mmoja akavuta shuka.

Vichwa vinane vikawatazama.

Nilingoja wacheke. Wallahi, nilikuwa nangoja mmoja tu acheke ili na mie nipumue. Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa kahawa akakaa chini akishika bega. Akasema, "Mie nabeba maiti tangu sijaota ndevu. Uzito naujua. Humu mlikuwa na mtu." Wengine wakasema ndiyo, wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Nikairudisha peke yangu. Sikilizeni hapa. Jeti iliyowatoa jasho wanaume sita, niliiburuta kwa mkono mmoja mpaka nyumbani, inarukaruka kwenye mawe kama kopo tupu.

Hapo ndipo nilipoanguka. Salamu zikawa zinakuja zimechelewa, kama mtu anafikiria kwanza kama anaruhusiwa kuniitikia. Kazi zikakoma. Nani ampe jiko fundi aliyejitaja kaburini? Na kila baada ya alfajiri nikawa nasikia nje ya ukuta miguu inapita haraka haraka, ya watu wengi, hakuna sauti. Nikifungua mlango, kweupe, kuku wa jirani tu. Nikaacha kufungua. Nikaacha kula. Nikawa nalala nimenyooka, mikono ubavuni, na sikugundua mpaka nilipoambiwa.

Aliyeniambia ni shangazi. Alikuja kutoka Mwera na ndoo ya maji, akanimwagia.

"Amka. Nani kakulaza hivyo?"

"Shangazi, mie sijui kama niko."

"Uko, na unanuka. Hilo lililo uani ni nini?"

Nikamweleza. Hakunipiga. Akakaa kizingitini, akasema, "Nenda ukamwambie mwenye kitu." Akanishika mkono kama mtoto mpaka kwa mzee anayetunza vyombo vya msikiti. Njia nzima natumaini afe kidogo, astaghfirullah, nisimkute. Nikamkuta anakata kucha.

Nikasema yote. Akauliza swali moja: "Matundu ya ribiti umeacha mangapi?"

"Mengi, babu."

"Yazibe. Sitaki maiti wa watu apigwe upepo chini."

Nikang'oa bati mchana kweupe, mlango wa ua wazi, kila apitaye aone. Nikaziba tundu moja moja, nikanyoosha mikono yake, nikatia miguu mipya, nikaosha. Tukalirudisha ukutani. Yule mzee akasema, "Bado. Litakapotoka tena, wewe uwe wa kwanza kutia bega. Wakikupokea, umerudi. Wasipokupokea, hamia Horohoro, huko mpakani."

Siku chache baadaye akafariki mgeni, mtu wa Pemba, hana ndugu hapa. Lile jipya lilikuwa limetoka, likashushwa langu. Nikatia bega mbele kushoto. Nilihesabu hatua, nikangoja. Kumi. Ishirini. Uzito ule wa kweli unaingia mfupani, na nyuma yangu hakuna mtu. Nikasema basi, nitafika naye peke yangu upande huu, hata bega likatike. Nikiwa nawaza hivyo, mkono ukagusa shingo yangu, sauti ikasema, "Lete." Alikuwa mzee wa kahawa.

Nililia njia nzima, watu wakadhani yule Mpemba alikuwa ndugu yangu.

Namshukuru shangazi, namshukuru mzee wa vyombo, namshukuru aliyesema "lete". Sasa hivi naunda ya nne, ina mbao zangu mwenyewe, imelegea tumbo na nimeiacha hivyo hivyo. Somo langu dogo: ukiona kazi yako inahitaji kitu ambacho huwezi kukiomba mbele za watu, hiyo kazi haijafika wakati wake. Mie ningeomba. Pengine wangenipa hata mabomba ya alumini ya hema bovu.

Namalizia. Tulipomzika yule mgeni, mchimbaji aliyeniuliza jina siku ile alinivuta pembeni. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua Idi Pili.

Akasema, "Hukunisumbua. Kuna mtu aliona jeneza linaingia kwako, na nyumba ile unakaa peke yako. Tulichimba tukijua la nani. Ulipotaja jina wala sikushtuka." Akapangusa jembe. "Nilishtuka kwenye kufukia. Shimo tupu, na udongo ulibaki, ukafanya tuta zima, kama chini kuna mtu. Kwa hiyo chochote mlichokuja nacho siku ile, kipo kule. Wewe ukipita, toa salamu, usisimame."