Dawa Ilikuwa Kwenye Rafu Yangu

Mama Mchungaji, na akina mama wenzangu, nawasalimu. Mwezi wa kwanza nilisimama hapa hapa nikasema Mungu ameokoa jicho la binti yangu. Mlipiga makofi, na wengine mkalia pamoja nami. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini kilikuwa nusu. Ile nusu nyingine niliimeza, na mpaka leo haijashuka vizuri.

Wengi mnanijua kwa sababu ya duka langu la agroveti hapa senta. Nimewauzia mbegu, nimewauzia dawa ya kupe, na ng'ombe wa hapa Bahati kalenda zao za minyoo nazijua kuliko wenyewe. Mkichelewa si huwa nawapigia simu? Watoto wangu nao, kila shule zikifungwa, ni kidonge. Hata kuku wangu walikunywa dawa. Sasa niambieni, katika boma kama hilo, nani hakuwahi kupewa?

Paka.

Tulimleta kwa sababu ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya chakula cha kuku dukani. Jioni nilikuwa nikirudi naye nyumbani ndani ya kikapu. Kwangu mimi huyo alikuwa mfanyakazi tu, na tangu utoto nilisikia paka hujitibu mwenyewe kwa kula nyasi. Dawa ya minyoo ya paka nilikuwa nayo, pakiti moja, rafu ya juu kabisa, imeshika vumbi. Kuna siku kijana mmoja kutoka zile nyumba mpya za kule Lanet aliingia kuiulizia. Nikamuuliza mbele ya wateja, "Kwani huyo paka wako anatoa lita ngapi za maziwa?" Duka lote likacheka. Kijana akatoka bila kununua, na pakiti ikabaki pale pale.

Paka wetu akazaa wanne, kwenye boksi kando ya meko. Binti yangu alikuwa na miaka minne, na wale wakawa watoto wake. Aliwabeba mgongoni na leso, akawabusu, akalala nao kwa kochi. Walikuwa na matumbo makubwa na manyoya yamekauka. Ndugu zangu, nawaambia, angekuwa ndama wa mmoja wenu, ningejua nikiwa bado langoni. Halafu asubuhi moja kipaka kimoja kikatapika kitu kama tambi, na ile tambi ikajikunja. Niliiona. Msije mkasema baadaye labda hakuiona. Binti yangu akauliza, "Mama, hiyo ni nini?" Nikamjibu, "Amekula tambi." Nikamwagia majivu, nikafagia, nikaenda kufungua duka. Nilijiambia jioni nitarudi na ile pakiti. Jioni ilikuja na mambo yake.

Na nyuma ya jikoni tulikuwa na lori zima la mchanga, wa kuongeza vyumba viwili. Mnajua mchanga wa kujenga unavyokaa kwetu. Unakaa mpaka unaota nyasi. Watoto wa majirani walikuwa wakichezea hapo kalongo, wanapika chapati za mchanga kwa vifuniko vya chupa, na yule mdogo ndiye mgeni, kwa hivyo lazima ale. Mdogo alikuwa wangu. Na paka, wangu na wa majirani, waliufanya mchanga huo choo chao. Nilikuwa nikiwaona wakichimba na kufukia, nikawasifu kwamba paka ni mnyama msafi.

Miezi ikapita. Mwalimu wake akaniita shuleni, akaniambia mtoto anageuza kichwa upande akitaka kuangalia picha, na anagonga bega la kushoto mlangoni. Nilipofika naye nyumbani nikamziba jicho la kulia kwa kiganja changu. Akasema, "Mama, mbona umezima taa?" Ilikuwa saa saba mchana.

Nikamuuliza nani alimuumiza. Na mtoto ukimuuliza nani, atakutafutia mtu. Akamtaja msichana wa jirani, wa miaka saba, kwamba aliwahi kumrushia mchanga. Na kweli walikuwa wamegombana siku moja, nikamwosha uso, yakaisha. Lakini siku hiyo niliyafufua nikaenda nayo mpaka kwa mlango wa jirani yangu. Niliongea mpaka watu wakasimama barabarani. Yule mama alimwita mtoto wake akamchapa mbele yangu, na mimi nikasimama nikaangalia. Tangu hapo tukaacha kusalimiana, na huyo msichana hakukanyaga kwangu tena.

Tukapelekwa hospitali ya macho. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimulika lile jicho, akalimulika tena kutoka upande. Kisha akaniambia kuna kitu cheupe huko nyuma. Kinaweza kuwa kovu, kinaweza pia kuwa uvimbe mbaya, na kama ni uvimbe basi huenda jicho likatolewa ili mtoto aishi. Akaniuliza, "Nyumbani mna mbwa au paka? Hasa wale wadogo?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Kabla hajamaliza kuuliza, ile tambi ilikuwa imejikunja tena mbele yangu. Na mimi, mama mzima, nikasema, "Hapana, daktari." Pale mezani palikuwa na fomu niliyoandika kwa mkono wangu mwenyewe, na penye kazi niliandika kwamba nauza dawa za mifugo. Niliona aibu. Naambiwa habari ya mtoto wangu kutolewa jicho, na mimi nalinda jina la duka.

Daktari akaendelea na kazi yake. Akatoa kadi za picha, akamziba jicho la kulia. "Hii ni nini?"

"Sioni."

Akamfungua. "Na sasa?"

Binti yangu akatabasamu. "Paka. Sisi tuko nao watano. Kimoja kilitapika tambi inatembea."

Natamani angenikemea. Aliweka kadi chini, akavuta kiti karibu yangu, akasema, "Mama, mimi nataka kumsaidia mtoto tu. Hebu nieleze vizuri." Nikaeleza. Nililia mpaka binti yangu akaanza kunipangusa kwa mkono wa sweta yake.

Damu ikapimwa, jicho likapigwa picha, na siku nne tulizongoja sikujua chakula kina ladha gani. Majibu yakaja kwamba si uvimbe. Dalili zote zilielekea kwa mnyoo wa paka. Daktari akanieleza kwamba mayai yake hutoka na kinyesi, hukaa mchangani wiki kadhaa mpaka yakomae, na mtoto akiyameza, vinyoo vinavyoanguliwa vinatembea mwilini. Kimoja kilikuwa kimeingia jichoni. Hata hapo nilikuwa bado natafuta mtu wa kulaumu, nikamuuliza, "Si ule mchanga aliorushiwa?" Akasema, "Mchanga wa kurushwa haufanyi hivi, mama. Ni ule uliomezwa."

Jicho halikutolewa. Alipewa dawa, tukarudi kwa daktari mara nyingi, lakini kovu lilikuwa limekaa katikati. Kwa hilo jicho la kushoto anaona mwanga na mambo ya pembeni, na daktari haahidi zaidi. Mlipopiga makofi mwezi wa kwanza hamkujua hivyo, kwa sababu sikuwaambia.

Baba watoto alitaka kuwatia paka wote guniani akawaache msitu wa Menengai. Nilikataa. Nilimwambia paka hana kosa, aliyekuwa na dawa ni mimi. Nikapanda stuli nikatoa ile pakiti, na mnajua nini? Ilikuwa imeshapita tarehe. Nikaagiza nyingine, nikawapa wote kwa uzito wao, nikarudia baada ya wiki mbili, na sasa wako kwa kalenda kama ng'ombe. Mchanga wa juu tuliuzoa tukauzika mbali na watoto, uliobaki tukaufunika kwa turubai. Paka wana boksi la vumbi la mbao, na kila siku ni mimi ninayelimwaga, nimevaa glavu, kabla mayai hayajapata muda wa kukomaa. Watoto hawaligusi. Wakitoka kucheza ni sabuni kabla ya chakula, hata kama wananiita askari. Na paka bado tunawapenda.

Lakini jirani yangu sikumwendea. Kila Jumapili namwona, nasema wiki ijayo. Alhamisi iliyopita ndipo nilipoenda. Alikuwa akichambua maharagwe, nikaketi kwa kistuli nikasema yote. Hakuinua macho kutoka kwa ungo. Akaniuliza, "Kwa hivyo ulijua siku zote hizo?"

Nikasema, "Nilijua."

"Na mimi nilimchapa mtoto wangu kwa neno lako."

Nikasema ndiyo. Akatupa mawe mawili matatu nje ya mlango, halafu akasema, "Kunishtaki ulinishtaki barabarani. Msamaha mbona unaniletea jikoni?"

Ndiyo maana nimesimama hapa. Namshukuru huyo jirani kwa kuniuliza hivyo. Namshukuru daktari ambaye hakunifukuza nilipomdanganya, na mwalimu aliyeona kile mimi mama sikuona. Nanyi mliokuja kwangu na unga na maombi, asanteni, ingawa mlikuwa mkiombea jambo msilolijua. Kama mna paka, msingoje jioni kama mimi. Na yule kijana wa Lanet akipita kwangu tena, dawa ya paka atapewa na heri juu yake.

Kuna mtoto mmoja ameketi kule dirishani, na anajijua. Mtoto wangu, hukumuumiza mwenzako. Sikujua nilipokuja kwenu siku ile, lakini nilipojua nilinyamaza, na hilo ndilo baya zaidi. Nisamehe mbele ya hawa wote.

Nimalizie na jambo ambalo mwalimu aliniambia juzi tu. Miezi yote ambayo sisi akina mama tulikuwa tukipishana bila salamu, huyo msichana wa miaka saba alikuwa akimngojea binti yangu kwenye lango la shule, anamshika mkono mpaka darasani, na siku zote anakaa upande wake wa kushoto. Hakuna aliyemwambia ni jicho gani. Asubuhi hii walipoingia hapa pamoja niliwaangalia, na alikuwa upande huo huo.