Staa Aliyezikwa Rubondo

Lori la mahindi lilitubeba kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda mjini Mbarara. Nilikalia gunia nyuma ya Parfait, mwenye studio ya filamu iliyoanzia kwenye zizi la mbuzi pale Rubondo, kambini humo. Mbuzi, nasikia, nao walipewa nafasi za kuigiza. Kando yake alikaa Nabintu, muuza nyanya, aliyeigiza mke anayekufa katika filamu yake.

"Papa Parfait, unifufue mu filamu ya pili!" Nabintu alifoka. "Tangu unizike, batu banakataa nyanya yangu. Banasema ni nyanya ya mufu. Batoto yangu batakula nini?"

"Mama, ulizikwa muzuri sana. Pasta wa kweli, kwaya ya kweli."

"Ndiyo kosa yako! Pasta aliomba ya kweli. Sasa anasema kufufua si kazi yake."

Nilimwelewa pasta, hiyo kazi ina mwenyewe.

Parfait akajikohoza. "Studio kubwa za Amerika nazo zilianzia mu mabanda. Zikakua sababu zilifunga mastaa na mukataba wa miaka saba. Wewe uko staa yangu. Utakuwa mufu miaka saba."

"Yesu wangu!"

"Uzisha nyanya yako Mbarara. Kule hakuna mutu anakujua."

Lori likasimama Ruharo, mtaa wa Mbarara. Nabintu akashuka na beseni lake la nyanya kichwani. Mteja wa kwanza akaja akitabasamu, akamtazama usoni, akapiga yowe, akatimua mbio akiacha kikapu na kiatu kimoja.

Juu ya magunia, Parfait alikuwa anapiga makofi. "Umeona, mama? Filamu imeshafika Mbarara! Studio inakua!"