Gari la Viti Viwili

Ndani ya basi la Tarime, Agustina alisogeza kikapu chake asikie vizuri. Kijana aitwaye Werema alikuwa akimsimulia mama wa kiti cha pili habari za kigari cha wazi anachouza Mzungu mmoja Musoma.

"Kinakimbia kama swala, mama, na petroli kinalamba tu. Leo nauza ng'ombe wangu wanne waliotangulia mnadani, nikakichukue."

"Kina viti vingapi?"

"Viwili. Mimi na mke wangu."

"Na mama mkwe akiugua, mwanangu? Utampeleka hospitali amekaa ubavuni mwako, magoti yanagusana?"

Werema, ambaye kwa mila hata kivuli cha mkwewe hukipisha njia, alisogeza magoti yake kando. Basi likasimama mnadani. Alishuka polepole. Agustina naye akashuka, ingawa kwake kulikuwa bado mbele, aone kama ng'ombe wale watauzwa.