Viatu vya Kushukia Mlima

Nessa Birkett hakuwa na kocha, hakuwa na kifundo cha mguu cha kuaminika, wala hakuwa na viatu vya mbio za mlimani za Januari. Fomu ya kujiandikisha alikuwa nayo, na siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa ile ile. Asipokimbia, klabu yake ya mbio ingempa mwingine nafasi yake.

Kwenye basi la kwenda mji wa Keswick, mfugaji mmoja wa kondoo aliiona fomu mkononi mwake, akamuuliza anangoja nini kuituma. “Viatu, mzee. Vyenye meno marefu vinashika tope, ila kwenye mwamba uliolowa vinateleza. Mwaka jana ndivyo vilivyonivunja kifundo.”

“Basi vaa vya soli laini.”

“Kwenye tope si nitashuka kwa makalio?”

“Heri makalio, binti. Hayo hayafungwi plasta.”

Nessa alicheka. Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao na niliyesoma fizikia shule ya jioni, nilikuwa na la kusema kuhusu msuguano. Hakuna aliyeniuliza.

“Wewe kule juu unavaa nini?” Nessa akamuuliza mzee.

“Mabuti ya mpira. Na sikimbii, namtuma mbwa.”

“Basi mbio huzijui, mzee.”

“Na wewe mwamba huujui.”

Basi likasimama penye sanduku la posta. Nessa aliitia fomu kwenye bahasha, akaramba gundi yake, akaibana kwa kiganja, akashuka kwa uangalifu ngazi zilizolowa, akaitumbukiza sandukuni.