Aliye Nje Abaki Nje

Sikilizeni, wanangu, na wewe mkwe wangu Osiris sogea karibu, punguza sauti ya redio lakini usiizime, maana Mamba, timu yetu ya besiboli, wanacheza na Majogoo jioni hii na mimi sijafa bado. Yaniris, niinulie mto. Daktari amesema nisiongee sana. Daktari mwenyewe ni wa Majogoo, nimeuona ule uchafu mwekundu anaoning'iniza kwenye funguo za gari, kwa hiyo nitaongea.

Nyumba hii ni yenu wawili, Wilkin na Yaniris, nusu kwa nusu, na asitokee mtu akajenga ukuta katikati ya sebule kama walivyofanya watoto wa marehemu Tomasina pale kona, sasa hata mmoja akipiga chafya mwenzake anasikia na hamwombei afya. Cherehani ni ya Yaniris. Feni kubwa ni ya Wilkin, anatoka jasho kama baba yake. Picha ya Bikira Maria wa Altagracia ibaki ukutani ilipo, haigawanyiki.

Hayo ni mepesi, na najua siyo mnayoyangoja. Tangu niangukie kitandani mnanong'onezana kuhusu viti vyangu viwili vya uwanjani, vile vya upande wa kituo cha kwanza, ambavyo marehemu Eligio alivipata mwaka tuliooana na ambavyo hajapata kuvikalia mtu asiye wa nyumba hii. Wewe Wilkin unasema ni vyako kwa kuwa ndiwe wa kwanza kuzaliwa. Na jana ulidhani nimelala, nikakusikia barazani ukimwambia jirani, "Mimi nilikuwepo siku ya raundi kumi na saba, bwana. Lile pigo nililiona kwa macho haya."

Basi leo nitaisimulia siku hiyo mimi, ili isimuliwe vizuri mara moja kabla sijaondoka.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, mshindi anaingia fainali, aliyeshindwa anakwenda nyumbani kulala. Majogoo walikuja na mashati yaliyopigwa pasi. Shabiki wa Jogoo utamjua kwa mbali: hawezi kula nyama ya nguruwe ya kukaanga mpaka apewe kitambaa cha karatasi, na mrushaji wao akikosea anamtazama mwamuzi kana kwamba mwamuzi ndiye aliyeurusha mpira. Miaka yote niliyoishi katika mji huu sijamwona Jogoo aliyeshindwa kwa sababu alicheza vibaya. Mara upepo, mara taa, mara nyasi zilikuwa na maji.

Basi raundi ya tisa, ya mwisho, walikuwa wametuzidi bao moja, na sisi tumebakiwa na mpigaji mmoja tu. Eligio akaniambia, "Fiora, nakwenda chooni, nikirudi tuondoke na heshima zetu." Akateremka ngazi. Hata hajafika, kijana wetu akaupiga mpira ukapita katikati yao kama wamekufa, na mwenzetu aliyekuwa kituo cha pili akakimbia mpaka kituo cha nyumbani, bao. Tukawa sawa, na mkiwa sawa raundi zinaongezwa mpaka mmoja ashinde.

Mnaijua sheria, hakuna haja ya kuiandika: aliyekuwa nje timu yake ilipofunga, abaki nje, maana bahati imeshamzoea pale alipo na akisogea itasogea naye. Eligio alipochungulia mlangoni, amejaa furaha, zipu hajaifunga vizuri, mstari wetu wote ulimgeukia. "Eligio, rudi huko huko! Ukitia mguu hapa, mama yako atakuzika kesho!" Mimi nilipiga kelele kuliko wote, na sijuti. Akainua mkono kama askari aliyepokea amri, akarudi kusimama kwenye ule ujia wa vyoo, chini ya zege, mahali ambapo mchezo haumfikii mtu ila kwa makelele.

Raundi ya kumi hamna kitu. Ya kumi na moja hamna kitu. Taa zikawashwa. Raundi ya kumi na mbili, Wilkin, ulisimama ukajipangusa suruali. Ukaniambia, "Mama, kesho kazi, na foleni ya magari itakuwa balaa. Hawa hawafungi tena." Nikakuambia, basi mpitie baba yako umpe hata kahawa. Ukasema sawa. Ukatoka kwa mlango wa upande wa pili ili asikuone unaondoka.

Usiitazame sakafu, haikukosea. Mimi nina watu wa aina mbili nisiowaheshimu hapa duniani. Majogoo, hao walizaliwa hivyo, Mungu atawafikiria. Lakini mtu wa kwetu anayeondoka raundi ya kumi na mbili, halafu miaka yote anasimulia ya kumi na saba, huyo sijui hata nimwombee kwa mtakatifu gani. Hapana, usinijibu. Koo limekauka. Nenda jikoni uniletee maji, uyaache yapoe kidogo.

Kaenda? Haya.

Osiris, wewe wakati ule ulikuwa unamzungukia Yaniris, umekaa nyuma yetu na hiyo kofia nyekundu, na msimu mzima sikuwa nimekujibu salamu hata moja. Ukaniinamia ukasema, "Doña Fiora, mzee yuko peke yake kule chini." Nikakuambia, "Hayakuhusu, kuku wewe." Ukachukua kiredio chako ukateremka. Timu yako mwenyewe inacheza, fainali iko mlangoni, umelipa kiti, na wewe ukaenda kusimama penye harufu ya mikojo na mzee wa Mamba, sikio moja lako, sikio moja lake, waya mmoja. Eligio alinisimulia. Alisema kila tulipokaribia kufunga ulikuwa unatukana kwa sauti ndogo, halafu unamwomba radhi, "Samahani, mzee, si wewe."

Na raundi ya kumi na saba, yule mfupi wetu ambaye hakuna aliyemtegemea aliupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto, tukaingia fainali. Mimi nililiona pigo hilo. Baba yenu aliliona kwa vumbi la zege lililomdondokea kofiani, watu walipokuwa wanaruka juu ya kichwa chake. Akageuka, akakukuta wewe Osiris unalia ndani ya kofia yako. Ukampa mkono. "Hongera, mzee." Basi. Hukusema upepo, hukusema taa. Msimu uliofuata haukumkuta hai, na pigo lile hakuwahi kuliona.

Kwa hiyo kiti kimoja ni chako, Osiris. Usinibusu mkono, bado sikupendi. Kofia hiyo ni takataka, na utakapokaa nayo kwenye kiti changu watu watakutukana, nao watakuwa na haki, na Yaniris asikutetee. Lakini hutaondoka kabla ya mwisho, na kiti hakitaki kingine. Kiti cha pili... ngojeni, nitasema.

Mambo ya mazishi. Ua jekundu lisiingie humu ndani. Katika usiku tisa wa kuniombea, Chepe wa ng'ambo ya barabara atakuja, yule anayewika dirishani kila Majogoo wakishinda, mtu mzima mwenye wajukuu. Mkaribisheni. Mpeni kiti, mpeni kahawa, kwenye kile kikombe chenye ufa, bila sukari. Akiuliza, mwambieni ni wosia.

Na mkinipeleka makaburini, piteni nyuma ya uwanja, upande wa vyoo. Simameni hapo kidogo. Msiseme kitu.

Yaniris, mkono wako uko wapi? Mbona baridi... Hapana, ni wangu.

Ngojeni. Osiris, ongeza sauti. Nani huyo yuko kituo cha pili? Wa kwetu? Lini? Sasa hivi, wakati tunaongea... na mwingine kituo cha kwanza. Ohoo. Sikilizeni wanavyonyamaza, hao kuku.

Nasikia viatu. Wilkin. Usiingie. Nimesema usiingie, umetoka humu hatuna kitu, sasa tuna watu wawili njiani. Baki huko huko jikoni na glasi yako. Maji yatangoja, nami... nitajaribu. Unanisikia? Simama hapo kama alivyosimama baba yako. Utasikia kwa makelele yetu. Ukibaki mpaka mwisho, mwanangu, mpaka mwisho kabisa, hata ikifika raundi ya ishirini, kiti cha pili ni chako, ukae karibu na huyu Jogoo, mgombane vizuri.

Mungu awabariki. Yaniris, mtoto wa tumbo langu. Osiris, wewe na kofia yako. Na wewe uliye jikoni... wewe zaidi. Usilie kwa nguvu, sisikii redio.

Bado yupo? Angalieni mlangoni, bado yupo?

Vizuri. Abaki.

Nani... nani anapiga sasa?